Vidonge vya Jumapili na Jumatatu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Huduma za Hospitali. Daktari Mkuu wa hospitali yetu. Wakuu wa idara. Wauguzi, wahudumu na walinzi. Ndugu mliotusindikiza, na wagonjwa wenzetu mnaosubiri kuitwa:

Wengi wetu tumefika umri wa kupokea shikamoo kuliko kuitoa, lakini leo mgeni ni wewe, basi tunakusalimu sisi kwanza. Habari za safari? Pole na vumbi.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana. Tumefurahi kwamba umekuja, na tumefurahi zaidi kwamba umekuja Jumanne, maana Jumanne ndiyo siku yetu. Sisi ni wazee ishirini na watatu tunaomeza dawa ya kuzuia damu isigande. Mdogo wetu ana miaka sitini na minne, ndiye anayetumwa kununua maji. Mkubwa wetu ana themanini na nane na hatumwi popote.

Risala hii imetungwa na kikao cha kikundi chote. Anaisoma mwenzetu ambaye sote tunamwita Fundi, kwa sababu ametengeneza mizani za madukani kwa miaka thelathini na mmoja: za sukari, za misumari, za nyama. Fundi mwenyewe yumo ndani ya risala, tena sana, na humu anatajwa kama mtu mwingine kabisa. Ndivyo kikao kilivyoamua, maana alipojaribu kuiandika sehemu yake mwenyewe alijipunguzia makosa. Tumemwambia asome kila mstari. Dada yake, aliyeipiga chapa, ameketi safu ya pili na nakala mkononi, anafuatilia kwa kidole.

Kuna jambo moja tunaloliombea radhi tangu mwanzo. Ofisi ilikuwa imetuandalia risala nyingine. Ilikuwa nzuri, imenyooka, haina kosa la herufi hata moja, na ilikushukuru mara tisa. Tuliisoma, tukaikunja, tukairudisha kwa heshima. Hatukufanya hivyo kwa jeuri, na sababu yetu utaiona tukifika katikati.

TULIKOTOKA

Chumba namba nne kiko mwisho wa korido, baada ya famasia na kabla ya choo. Miaka minne iliyopita kilikuwa cha kuwekea vitanda vibovu. Enzi hizo mzee akigundulika moyo wake unadunda ovyo, au mguu umevimba kwa damu iliyoganda, aliandikiwa dawa, akaipokea dirishani, akaambiwa arudi baada ya mwezi. Mwezi mzima, mtu na vidonge vyake. Wengine walizidisha wapone haraka. Wengine walimsikia jirani akisema dawa hiyo inakausha mwili, wakaacha. Tunawakumbuka wenzetu wawili wa wakati ule tuliowazika, na mpaka leo hatujui kama dawa iliwazidi au iliwapungukia, kwa sababu hakuna aliyewapima.

Ndipo akaja Sista. Ana jina lake kwenye beji, lakini hapa ukisema Sista bila kuongeza neno kila mtu anajua ni nani. Aliomba chumba, akapewa pamoja na vitanda vibovu vyake. Alivitoa mwenyewe akisaidiwa na mlinzi wa geti, akaingiza meza, viti viwili, saa ya ukutani, na mashine ndogo inayopima damu ya kidole. Nje ya mlango akaweka benchi. Benchi hilo leo hulioni. Limepelekwa nyuma ya jiko kwa kuwa mguu wake mmoja ni tofali, na mahali pake vimewekwa viti vyeupe vya plastiki ambavyo, tumeambiwa, vinarudishwa vilikoazimwa saa kumi jioni.

MEZA YA SISTA

Mgeni rasmi, dawa hii si ya mchezo. Ikipungua, damu inaganda mahali isipotakiwa, na mtu anaamka upande mmoja wa mwili haumtii. Ikizidi, mtu anavuja damu. Katikati pana njia nyembamba, na kwa mzee ni nyembamba zaidi, maana figo zake zimefanya kazi muda mrefu, miguu inajikwaa, na mfuko wake wa dawa umejaa kama kapu la sokoni.

Sista alianza na huo mfuko. Hakukuuliza unatumia dawa gani, kwa sababu alishatujua, sote tungejibu "za presha tu." Alikuambia uje na kila unachokimeza nyumbani, kisha ukimwage mezani. Fundi alipomwaga wa kwake vilitoka vidonge vya presha, vidonge vya goti vya aina tatu, chupa ya unga wa mizizi, na vidonge vya marehemu shemeji yake ambavyo aliona ni hasara kuvitupa.

Sista alivitenga vile vya goti. "Hivi vitatu unavijua, mzee wangu?"

"Dawa za maumivu. Hiki cha asubuhi, hiki cha mchana, hiki kikizidi."

"Ni dawa moja ina majina matatu. Ukiichanganya na ile ninayotaka kukupa, tumbo litavuja damu. Goti tutalitafutia nyingine. Na huu unga?"

"Jirani anasema unasafisha damu."

"Basi chagua, jirani asafishe au mimi nipime. Wote wawili hatuwezi."

Fundi alichagua kupimwa, ingawa ule unga aliurudisha mfukoni, na Sista alimwangalia mpaka akautoa tena.

Baada ya mfuko ilichukuliwa damu ya kupeleka maabara: figo, ini, na kama damu yenyewe inatosha mwilini. Halafu uliambiwa uinuke kitini bila kushika meza, utembee mpaka mlangoni, urudi, huku yeye anaangalia saa ya ukutani. Wengi tulidhani ni mzaha. Kumbe alikuwa anamtafuta atakayeanguka, maana anayemeza dawa hii akigonga kichwa, si jambo la kupaka mafuta na kulala. Aliyeyumba hakunyimwa dawa. Aliambiwa atafute fimbo, aondoe mkeka unaoteleza, na awashe taa akienda msalani.

Ndipo ikaja dozi, na Sista alianza na ndogo. "Mzee haanzishwi kwa mbio," alikuwa akituambia. "Dawa hii unaimeza leo, kazi yake unaiona keshokutwa. Ukiongeza kwa papara, siku ya tatu zote zinakufikia kwa pamoja." Kidonge kilimezwa jioni, saa ile ile. Kipimo kilifuata baada ya siku chache, kisha kila Jumanne, mpaka namba itulie. Namba hiyo inaonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda: asiyemeza dawa ana moja au karibu na moja, na wengi wetu tunatakiwa tukae kati ya mbili na tatu. Iliandikwa kwenye kijitabu cha kijani pamoja na dozi, kwa herufi kubwa, na hukuruhusiwa kuondoka mpaka umeisoma mwenyewe kwa sauti.

MAFANIKIO

Kwa miaka mitatu na miezi miwili Sista aliwaanzisha dawa wazee sitini na mmoja. Wengine wamemaliza muda wao, wengine wamehamia kwa watoto wao, wengine wametangulia kwa maradhi mengine ya uzee, na ishirini na watatu ndio sisi. Katika wote hao, waliolazwa kwa kuvuja damu ni wawili. Mmoja alianguka ngazini. Wa pili ni Fundi, na habari yake ndiyo iliyotufanya tuandike risala ya kwetu.

Tumepata pia elimu ambayo hatukuwa nayo. Muulize yeyote kati yetu, hata huyu wa themanini na nane, dalili za kumkimbiza mtu hospitali. Atakutajia huku anatafuna: choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, fizi zinazotoka damu zenyewe, mabaka ya bluu kwa mtu asiyegongwa, na kichwa kinachouma baada ya kuanguka. Wajukuu zetu wamechoka kuzisikia, na mmoja wao aliziimba darasani akapigiwa makofi.

KOSA LETU

Sasa Fundi anaombwa asikohoe, asome.

Kwenye lile benchi tulikuwa tunasubiri saa mbili, wakati mwingine tatu. Mtu akisubiri hivyo lazima aongee, na sisi tukiongea tunafundishana. Yuko mwenzetu tunayemwita Posta, kwanza kwa sababu alifanya kazi posta, na pili kwa sababu habari hailali kwake. Posta alikuwa mgonjwa wa kisukari kabla hajawa mgonjwa wa damu. Kipimo cha sukari alikijua: unakwenda asubuhi hujala. Kila mgeni aliyekaa kwenye benchi alimwambia, "Kipimo ni kipimo, ndugu yangu. Cha sukari unakwenda hujala, hiki unakwenda hujameza. Acha siku mbili, damu ionekane ilivyo." Tuliona ni neno la busara. Tulilipokea, tukalipitisha kwa waliokuja nyuma yetu, na hakuna aliyemuuliza Sista, kwa sababu nani anauliza jambo ambalo kila mtu analijua?

Basi vidonge vya Jumapili na Jumatatu vilibaki kwenye pakiti. Jumanne tulikuja tumeoga, tumenyoa, tumepiga pasi, na damu nayo tumeiandaa kama sebule inayongoja wageni. Namba zilitoka chini. Sista alikunja uso akauliza, "Unameza kila jioni?" Tukajibu, "Kila jioni." Tulimaanisha jioni zote ambazo si za kujiandaa, na yeye angejuaje? Akaongeza dozi.

Hatukuwa wote. Kati ya ishirini na watatu tulikuwa saba, na sita kati ya hao saba walikuwa wanafanya kwa uvivu, leo wanaruka, wiki ijayo wanasahau kuruka. Fundi ndiye aliyekuwa bingwa. Mtu wa mizani hapuuzi maandalizi. Jumapili na Jumatatu hakumeza hata mara moja. Ndani ya wiki tano Sista alimwongezea dozi mara tatu, na kila mara Fundi alirudi nyumbani ameridhika kwamba yeye ni mgonjwa mtiifu.

Wiki ya sita mambo mawili yalikutana. Vijiti vya ile mashine ya kupimia viliisha, Jumanne mbili mfululizo, na daftari la Sista linaonyesha aliviomba mara nne kabla havijaisha. Na Fundi alikwenda kwa dada yake kumtengenezea mlango wa jiko. Alikwenda kwa siku mbili akakaa kumi na nne, maana nyumba ya dada ina milango mingi. Dada huyu anamzidi miaka sita, alipiga chapa barua za ofisi maisha yake yote, na haamini jambo lisiloandikwa. Alikichukua kile kijitabu cha kijani, akasoma "kila siku jioni," akaanza kumwekea kidonge kwenye kisosi.

Jumapili ilipofika Fundi alikisukuma kisosi. "Leo simezi, Dada. Keshokutwa huenda kukawa na kipimo."

"Wapi pameandikwa usimeze?"

"Hapajaandikwa. Inajulikana."

"Inajulikana na nani? Hapa pameandikwa kila siku."

"Dada, mambo ya damu wewe huyajui."

"Kusoma najua. Meza, mdogo wangu, usinifanye nikushike taya kama ulipokuwa na miaka minne."

Akameza. Alimeza jioni kumi na tatu bila kuruka hata moja, dozi iliyokuwa imepimwa kwa mtu anayemeza siku tano kwa wiki. Jumatatu ya pili asubuhi, akinywa chai jikoni kwa dada yake, pua ilianza kutoka damu. Walibana, wakaweka kitambaa cha maji baridi, dada akabadilisha taulo tatu. Saa tano ilikuwa bado inatoka na mikononi pana mabaka. Maabara kubwa ilipompima, namba ilikuwa imepita nane. Alichomwa sindano ya vitamini, akaongezewa damu chupa mbili, akalazwa siku nne. Na daktari wa zamu, alipomwona dada ameketi pale anahema kuliko mgonjwa, akamsikiliza na yeye kifua. Moyo wa dada nao unadunda ovyo. Aliandikwa kwenye orodha ya watu wa kuanzishwa dawa siku hiyo hiyo.

YALIYOMPATA SISTA

Kamati iliundwa. Ilifungua faili, ikaona dozi imepandishwa mara tatu katika wiki tano kwa mzee wa miaka sabini na mitatu, ikaona na sahihi ya aliyeipandisha. Ilimfuata Fundi kitandani ikamuuliza, "Mzee, ulikuwa unameza dawa kama ulivyoelekezwa?" Fundi akajibu ndiyo. Sisi kikundi tunaamini alijibu kwa nia njema, kwa kuwa wakati ule hakuna kati yetu aliyekuwa amejua kwamba kuruka ni kosa.

Kesho yake Sista alihamishiwa stoo ya mashuka. Chumba namba nne kilifungwa, ufunguo ukapelekwa ofisini. Sisi wa zamani tunapimwa maabara kubwa na kupewa namba zetu dirishani, tunashukuru. Lakini wapya hawaanzishwi, na hii ni wiki ya tisa. Wako kumi na wanne kwenye orodha. Wiki ya sita ya kungoja, mmoja wao, seremala, aliamka mkono wake wa kulia haushiki kikombe. Yuko hapa, ndiye aliyeketi karibu na mlango na mkewe. Hatusemi dawa ingemkinga kwa hakika. Sista mwenyewe alitufundisha tusiahidi kisichoahidiwa na dawa. Tunasema zamu yake ya kuanza ilikuwa imefika, akakuta mlango umefungwa, na sababu ya mlango kufungwa ni sisi.

Tuliligundua kosa wiki tatu zilizopita, kwenye viti vya maabara. Mgonjwa mmoja mgeni, aliyeanzishiwa dawa hospitali nyingine, alimuuliza Posta kama aache vidonge siku mbili au tatu. Dada wa Fundi, aliyemsindikiza mdogo wake, alikuwa karibu, akageuka.

"Nani kasema waache?"

"Mama, hilo kila mtu analijua," Posta akamjibu.

Dada alimtazama mdogo wake. Hakupaza sauti. "Kumbe ndiyo ile Jumapili. Miaka thelathini unakuja kwangu unawalalamikia wenye maduka, wanabandua sumaku chini ya sahani ya mizani siku ya mkaguzi, kesho yake wanairudisha. Na wewe umemfanyia nini yule binti wa watu?"

Fundi alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Tulijihesabu palepale tukapata saba. Posta alilia mbele za watu, mgeni rasmi, mzee wa miaka sabini na tisa, na hakuna aliyemlaumu kwa sababu sote tulikuwa tumemsikiliza. Wiki hiyo hiyo tuliandika barua kwa kamati, na baada yake nyingine. Zote mbili zimegongwa muhuri wa "imepokelewa," na mpaka leo hatujaitwa.

CHANGAMOTO

Sasa ndiyo utaelewa kwa nini tuliirudisha risala ya ofisi. Tangu Jumamosi korido imepakwa rangi. Tahadhari, upande wa choo haijakauka. Benchi limefichwa. Vijiti vya kupimia vimefika jana, maboksi sita, na tumeambiwa tuvitaje kwenye mafanikio. Mgeni rasmi, hospitali nzima imeruka vidonge kwa siku mbili ili wewe uje upime. Ungepita leo ukaona mambo safi, ungetuandikia dozi ya hospitali isiyoumwa, na hilo linaishia wapi sisi tumeshaliona kwenye taulo tatu. Wakubwa wetu wa hapa hatuwalaumu. Sisi ndio wa mwisho wa kumlaumu mtu kwa kujisafisha kabla ya kipimo.

Changamoto nyingine ni ndogo lakini zinauma. Dirishani vidonge hubadilika rangi na nguvu bila mtu kuambiwa, na mzee aliyezoea kimoja anameza kimoja tu. Na choo kile, mgeni rasmi, ukipata nafasi kiangalie, maana kufuli lake liko kwa nje.

TULIYOREKEBISHA WENYEWE

Hatukukaa tu kushika tama. Kila anayekuja kupimwa maabara siku hizi tunamkalisha katikati ya wawili wetu, anaulizwa maswali mawili kabla hajapimwa: jana ulimeza? juzi ulimeza? Akisema hapana, hakuna anayecheka wala kumgombeza. Anaandika "sikumeza" kwenye kijitabu chake, kwa mkono wake, ili anayepanga dozi aone. Mwenye kuuliza ni Posta, kwa ombi lake mwenyewe, na anauliza kwa sauti ambayo hata walioko famasia wanajibu.

Wiki ya kwanza watu watano waliandika "sikumeza." Wiki iliyopita hakuandika hata mmoja, na namba za wale saba wetu zimetulia kwa dozi ndogo kuliko zile za zamani. Fundi mwenyewe wiki tatu mfululizo ana mbili na nukta. Dawa ni ile ile na damu ni ile ile. Tunaamini kwa moyo wote kwamba utaratibu wa Sista ulikuwa sawa, na kilichokosekana ni sisi kumwambia kweli.

MAOMBI

La kwanza na kubwa: Ijumaa hii kamati inakaa kuamua kama Sista ataruhusiwa tena kupanga dozi ya mtu. Tunaomba maelezo yetu yawe mezani kabla kikao hakijaanza, na sisi saba tuitwe. Tutakuja kwa nauli yetu, na tutaleta vijitabu vyetu.

Tunaomba chumba namba nne kifunguliwe, si kwa kukatiwa utepe, kwa kuletwa ufunguo tu. Yale maboksi sita yaingizwe humo, na yakibaki mawili, mengine yawe yameshaagizwa. Tunaomba yale maswali mawili yachapishwe kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha kijani, juu ya namba, ili mgonjwa wa hospitali nyingine asisubiri kukutana na dada kama huyu wetu. Vidonge vikibadilishwa nguvu, dirisha liseme.

Na la mwisho, mgeni rasmi, siku nyingine uje bila taarifa. Tutakukaribisha kwenye benchi. Ukae upande usio na tofali.

HITIMISHO

Fundi aliomba apewe dakika moja mwishoni aseme la kwake bila "sisi." Kikao kilimkubalia. Hakutuambia atasema nini, kwa hiyo dada yake ameacha nafasi kwenye karatasi na ataandika kwa mkono kitakachosemwa.

*(Maneno ya Fundi, kama yalivyoandikwa ukumbini na dada yake.)*

Mgeni rasmi, wenzangu wameandika humu kwamba nilijibu kwa nia njema. Wamenihurumia. Si kweli. Kamati iliponijia kitandani nilikuwa nimeshapiga hesabu. Siku tano kumeza, mbili kuacha, halafu kumi na tatu bila kuacha. Hesabu hiyo mtu wa mizani haiwezi kumpita. Nilijua tayari. Niliona aibu kuonekana mzee mjinga mbele ya vijana wale, nikasema ndiyo. Sista alikuwa amesimama mlangoni. Aliniangalia, nadhani naye alikuwa ameshajua. Alikuja akanirekebishia mto, akatoka, na ndiyo siku ya mwisho kumwona na sare ya chumba namba nne. Andikeni kwenye faili: aliyekosea ni mimi. Na huyu dada yangu anayeandika hapa, moyo wake unaruka na yeye ni wa tatu kwenye orodha. Sina mwingine duniani. Watu wananiuliza, baada ya yaliyokupata, dada yako utamkabidhi kwa nani? Nasema Sista yule yule. Akianza leo mchana, mimi nitakaa naye hapo nje nimshikie mfuko wa dawa.

*(Mwisho wa maneno ya Fundi.)*

Mgeni rasmi, Mungu akujalie safari njema, usingizi wa kutosha, na watu wa kukuambia kweli hata siku umekuja umependeza. Awalinde wauguzi wetu wote, walioko wodini na aliyeko stoo. Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Wazee wa Jumanne,
Chumba Namba Nne.